Msimamizi wa uchaguzi anapokuwa mgombea: jibu kwa msomaji wa Minnesota

*"Nilikula kiapo cha uraia mwaka jana, na Novemba hii nitapiga kura Marekani kwa mara ya kwanza, hapa Brooklyn Park, Minnesota. Nilipoangalia karatasi ya mfano nikakuta nafasi iliyoandikwa 'Secretary of State'. Binamu yangu anasema huyo ni waziri wa mambo ya nje. Mama mmoja kanisani anasema hapana, ndiye anayesimamia uchaguzi, na ana chama chake kabisa. Mimi nimetoka Kisii, Kenya. Niliona uchaguzi wa 2007, nikaona wa 2017. Mtu atasimamiaje uchaguzi na jina lake mwenyewe liko kwenye karatasi? Si huo ni wizi uliohalalishwa? Nafikiria kuiacha nafasi hiyo wazi, lakini naogopa kura yangu yote isiharibike. Halafu mume wangu bado ana grini kadi (kibali cha kuishi hapa kwa kudumu), na ametumiwa barua ya kujiandikisha kupiga kura. Aijaze?"*

Dada yangu, nianze na la mwisho kwa sababu ndilo la haraka. Mume wako asiijaze barua hiyo. Mwenye grini kadi haruhusiwi kupiga kura katika uchaguzi wa jimbo wala wa taifa, na kujiandikisha tu kwa kudai ni raia kunaweza kumfungia njia ya uraia, hata kumfikisha kwenye kesi ya kurudishwa alikotoka. Barua kufika nyumbani hakumaanishi kwamba serikali imemkubali. Nyingi hutumwa na mashirika ya kuhamasisha wapiga kura, ambayo hununua orodha za majina na anwani bila kujua nani ni raia na nani si raia. Siku atakapoomba uraia, fomu ya N-400 itamuuliza waziwazi kama amewahi kujiandikisha au kupiga kura. Ikiwa aliwahi kutia sahihi karatasi ya namna hiyo bila kuelewa, labda alipokuwa akichukua leseni ya udereva, asiandikie ofisi yoyote barua ya kujieleza na asipeleke ombi la uraia kabla hajaketi ana kwa ana na wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Jambo hili halitoshi kuulizwa kwa anayejaza watu fomu kwa malipo, wala halimalizwi na jibu langu hili.

Sasa nafasi iliyokutatiza. Binamu yako amechanganywa na cheo, maana waziri wa mambo ya nje wa Marekani naye huitwa hivyo hivyo. Huyo huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Baraza la Seneti, na hakuna mwananchi anayempigia kura. Uliyemkuta kwenye karatasi ni wa jimbo la Minnesota, na hapa nitamwita Katibu wa Jimbo. Huenda umeshapita ofisini kwake bila kujua, kwa sababu kila mtu wetu aliyefungua kampuni ya kuhudumia wazee nyumbani aliisajili kwake. Ofisi hiyo hiyo huendesha mpango wa kuficha anwani za watu waliokimbia ukatili wa nyumbani. Na ndiyo, mama wa kanisani yuko sahihi: yeye ndiye afisa mkuu wa uchaguzi wa jimbo, anagombea kwa tikiti ya chama kila baada ya miaka 4, na nafasi yake itapigiwa kura tarehe 3 Novemba 2026.

Wasiwasi wako ni wa haki na sitaki mtu akuambie ni ugeni tu. Wasomi wengi wa sheria za uchaguzi, waliozaliwa na kukulia hapa, wameulizana jambo hilo hilo kwa miaka mingi. Marekani ni miongoni mwa nchi chache sana ambazo humchagua msimamizi wa uchaguzi kwa kura za vyama. Lakini picha unayoipimia nchi hii ni ya Kenya, nayo haiingii hapa vizuri. Kule kuna tume moja, ukumbi mmoja wa Bomas, na mwenyekiti mmoja ambaye taifa zima linamngoja afungue mdomo. Hapa hakuna Bomas. Hakuna tume ya taifa inayohesabu kura za Rais. Tume ndogo iliyoundwa na sheria ya mwaka 2002 hutoa fedha, miongozo na viwango vya mashine, na ile nyingine ya taifa inayotajwa sana hushughulika na pesa za kampeni. Uchaguzi wenyewe ni kazi ya majimbo, nayo majimbo yameikabidhi kwa kaunti na miji.

Fuata karatasi yako uone inapita mikononi mwa nani. Utakapofika kituoni utapokelewa na watu wa mtaa wako, walioajiriwa na mji kwa siku hiyo na kufunzwa kazi. Sheria ya Minnesota inataka wasizidi nusu kutoka chama kimoja kikubwa. Utaweka alama kwa kalamu kwenye karatasi, kisha utaiingiza mwenyewe kwenye mashine ya kuisoma. Karatasi inabaki, na hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote. Kabla ya uchaguzi mashine hiyo hupimwa hadharani kwa karatasi za majaribio, na wewe unaweza kwenda kutazama. Usiku kituo hutoa jumla yake, kaunti hukusanya za vituo vyake, na baada ya siku kadhaa bodi ya kaunti huthibitisha. Kisha, katika kila moja ya kaunti 87, vituo angalau viwili huchaguliwa kwa bahati nasibu na kura zake huhesabiwa kwa mikono mbele ya umma ili kulinganishwa na mashine. Ukijua Fomu 34A, ile karatasi ya matokeo ya kila kituo, ilivyotupa Wakenya uwezo wa kujumlisha wenyewe, utaelewa kwa nini hesabu ya kituo ndiyo msingi hapa pia.

Katibu wa Jimbo haonekani katika hatua yoyote kati ya hizo akiwa na kura mkononi. Kazi yake ni kutunza sajili ya wapiga kura ya jimbo, kuidhinisha aina za mashine, kuwafunza maafisa wa kaunti, kupokea fomu za wagombea, kutoa miongozo pale sheria inaposomeka kwa namna mbili, na mwishoni kuongoza bodi ya jimbo inayothibitisha matokeo. Bodi hiyo ina watu 5: yeye, majaji wawili wa Mahakama ya Juu ya Minnesota, na majaji wawili wa mahakama za wilaya. Wote wanne anawachagua yeye. Sheria inawakataza majaji hao kuwa wagombea katika uchaguzi wanaouthibitisha, ila Katibu mwenyewe haikumkataza. Mimi naliona hilo kuwa pengo, na ningependa Bunge la jimbo lilizibe.

Jimbo lako lenyewe limeshapita katika mtihani huu. Mwaka 2008 Norm Coleman wa Republican na Al Franken wa Democrat walishindania kiti cha Seneti, kura karibu milioni 2.9 zikapigwa, na hesabu ya kwanza ikamwacha Coleman mbele kwa kura 215. Katibu wa Jimbo wakati huo, Mark Ritchie, alikuwa wa chama cha Franken. Angeweza kujaza bodi kwa watu wake. Badala yake alimweka Jaji Mkuu Eric Magnuson na Jaji G. Barry Anderson, wote wawili wameteuliwa Mahakama ya Juu na gavana wa Republican, pamoja na majaji wawili wa wilaya. Kura zilihesabiwa upya kwa mikono, na karatasi zilizobishaniwa zikaoneshwa moja moja mbele ya kamera. Baadaye ikaonekana kwamba mamia ya kura za posta zilikataliwa kimakosa. Zikafunguliwa, kesi ikaenda mahakamani, na Franken akaishia kushinda kwa kura 312. Mahakama ya Juu ya Minnesota ilitoa uamuzi wa pamoja, bila jaji hata mmoja kupinga, tarehe 30 Juni 2009. Ilichukua karibu miezi 8, na Minnesota ikakaa nusu mwaka na seneta mmoja. Watu walikasirika sana. Lakini kila hatua iliandikwa, na aliyeshindwa akampigia mwenzake simu kumpongeza.

Nakueleza habari hii kwa urefu kwa sababu inaonesha nguvu ya Katibu iko wapi hasa. Ritchie hakubadilisha kura yoyote. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuamua nani akae mezani na mlango uwe wazi kiasi gani. Mtu mwingine katika kiti kile angeweza kufuata sheria ile ile na kutuachia matokeo ambayo nusu ya jimbo isingeyaamini.

Na wako waliofanya watu wasiamini. Florida mwaka 2000, Katherine Harris alikuwa Katibu wa Jimbo na wakati huo huo mwenyekiti mwenza wa kampeni ya George W. Bush jimboni. Aliyethibitisha ushindi wa Bush kwa tofauti ya kura 537 ni yeye, huku kaunti nyingine zikiomba muda zaidi wa kuhesabu. Ohio mwaka 2004, Ken Blackwell, naye mwenyekiti mwenza wa kampeni ya Bush, alitoa agizo kwamba fomu za usajili zilizoandikwa kwenye karatasi nyepesi zisikubaliwe. Alirudi nyuma baada ya kelele, lakini agizo la namna hiyo halihitaji kudumu ili liwachanganye wapiga kura. Georgia mwaka 2018, Brian Kemp alikuwa Katibu wa Jimbo akigombea ugavana, na hakuachia ofisi hadi baada ya siku ya kura. Wakati wa kampeni maombi ya usajili yapatayo 53,000 yalikuwa yamesimamishwa, mengi kwa sababu jina au namba havikulingana sawasawa na kumbukumbu nyingine. Wenye maombi hayo waliruhusiwa kupiga kura wakionesha kitambulisho, ila si wote waliojua hivyo. Sisi ambao jina moja limeandikwa hivi kwenye pasipoti na vile kwenye leseni tunajua ni nani hukwama kwenye kanuni ya aina hiyo. Na usidhani ni chama kimoja tu: Arizona mwaka 2022, Katie Hobbs wa Democrat aligombea ugavana akiwa Katibu wa Jimbo na akashinda kwa kura 17,000 hivi. Hakuna mahakama iliyokuta kwamba alifanya udanganyifu. Hata hivyo naamini msimamizi anayegombea cheo kingine angepaswa kumwachia mtu mwingine kazi ya kuthibitisha matokeo yake, awe wa chama gani.

Upande wa pili wa mizani ni wa kweli pia. Tarehe 2 Januari 2021, Rais Donald Trump alimpigia simu Brad Raffensperger, Katibu wa Jimbo la Georgia, akamwambia anataka zipatikane kura 11,780. Alikuwa ameshindwa na Joe Biden kwa 11,779, na kura takriban milioni 5 za jimbo zilikuwa zimeshahesabiwa upya kwa mikono. Raffensperger ni wa Republican na alimuunga mkono Trump. Alikataa. Angekuwa mteuliwa wa mwanasiasa mmoja, angeweza kufutwa kazi kwa simu ya pili. Kwa kuwa alichaguliwa, waliobaki na haki ya kumwondoa ni wananchi, na mwaka 2022 walimrudisha. Bunge la jimbo lilimpokonya uenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi mwaka 2021, lakini kiti chenyewe halikuweza kukigusa.

Juni 2022 kaunti ya Otero, New Mexico, ilikataa kuthibitisha matokeo ya mchujo, yaani kura ya kuteua wagombea wa vyama, kwa kutoziamini mashine, bila ushahidi wa kosa lolote. Katibu wa Jimbo, Maggie Toulouse Oliver, alikwenda Mahakama ya Juu ya jimbo siku iliyofuata, mahakama ikaamuru, na makamishna wa kaunti wakathibitisha kwa kura 2 dhidi ya 1. Pale ndipo cheo hiki kinapofanya kazi ambayo wapiga kura hawaioni, ya kuizuia kaunti moja isizitupe kura za watu wake kwa hofu tu.

Utauliza basi, si afadhali tume? Nami ningependa kusema ndiyo haraka, lakini wewe na mimi tunaijua tume. Agosti 2022 makamishna 4 kati ya 7 wa IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, walijitenga na matokeo kabla hayajatangazwa, na kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025 Kenya ilikaa bila makamishna kabisa, maeneo yenye viti vilivyo wazi yakingoja wawakilishi. Hapa Marekani majirani zako wa Wisconsin wana tume ya watu 6, watatu kwa watatu, ambayo mara nyingi hugongana bila kuamua. Kabla yake walikuwa na bodi ya majaji wastaafu iliyosifiwa na watafiti wengi, lakini Bunge likaivunja kwa sheria ya mwaka 2015. Pennsylvania na Texas, gavana humteua Katibu. Maine, Bunge humchagua. Majimbo 35 hivi humchagua kwa kura, ingawa si yote yanayomkabidhi uchaguzi. Illinois, kwa mfano, ina bodi tofauti. Kama ningeulizwa mimi, ningechagua bodi ya majaji wastaafu yenye ulinzi katika katiba, isivunjwe na wabunge waliokasirika. Minnesota haina hiyo. Ina nafasi iliyoko kwenye karatasi yako, na mtu ataikalia Januari upige kura au usipige.

Kuhusu kuiacha wazi: unaweza, na kura zako nyingine zote zitahesabiwa kama kawaida. Kinachoharibu ni kuweka alama kwa wagombea wawili pale panapotakiwa mmoja, na hapo hupotea nafasi hiyo moja tu. Mashine ikigundua itakurudishia karatasi, na una haki ya kupewa nyingine mpya. Mchujo wa Agosti ndio wenye mtego: ukichanganya wagombea wa vyama viwili, sehemu yote ya vyama haihesabiwi.

Ila mimi nakuomba usiiache. Chini ya karatasi ndefu watu huchoka, na nafasi ambazo wengi huziruka ndizo kura chache huziamua. Mwaka 2022 wagombea waliokataa au kuyatilia shaka matokeo ya uchaguzi wa Rais wa 2020 waliwania cheo hiki katika majimbo mengi. Walishindwa Arizona, Nevada, Michigan na hapa Minnesota. Wyoming mmoja wao alishinda. Chama cha mgombea kitakuambia kidogo. Sikiliza zaidi anavyojibu maswali machache. Je, atakubali matokeo chama chake kikishindwa, na anasema hivyo bila masharti? Amewahi kuendesha kitu chochote chenye sheria nyingi na watu wengi? Anasemaje kuhusu usajili wa siku ya kura, ambao Minnesota inao tangu miaka ya 1970, na kuhusu kuthibitishiana makazi, ambapo mpiga kura wa kituo chako anaweza kuwathibitishia majirani hadi 8? Kama unafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, jua kwamba wafanyakazi wa makazi hayo wanaruhusiwa kuwathibitishia wakazi wake, kwa hiyo jibu la mgombea hapo linagusa bibi unayemvisha viatu kila asubuhi. Na ukimsikia mgombea akiahidi kufuta kura za posta au kudai kitambulisho cha picha kwa amri yake mwenyewe, ujue anaahidi kazi ya Bunge.

Usiamini mitandao kwa tarehe na vituo. Piga simu au nenda kwa karani wa mji wa Brooklyn Park, au ofisi ya uchaguzi ya kaunti ya Hennepin, hasa kama jina lako la kiapo halifanani na la leseni. Hilo lirekebishwe kabla ya siku yenyewe. Kama Kiingereza cha karatasi kinamsumbua mzazi wako aliye raia, ana haki ya kuingia na mtu anayemchagua kumsaidia, isipokuwa mwajiri wake au mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Mtu akikuzuia kituoni, usiondoke. Mwite mkuu wa kituo, na akishindwa, piga simu kwa kaunti ukiwa bado hapo.

Na ukitaka kuona kwa macho yako kama kuna wizi, omba kazi kituoni. Sharti ni uwe mpiga kura halali anayezungumza, kusoma na kuandika Kiingereza, na mji utakulipa. Mpe mwajiri taarifa ya maandishi siku 20 kabla, naye kwa sheria ya Minnesota hawezi kukuadhibu, ingawa anaweza kuzuia wasiondoke zaidi ya asilimia 20 ya wafanyakazi wa sehemu moja ya kazi. Kama utapiga kura tu, sheria ya Minnesota inakupa pia muda wa kutoka kazini kwenda kituoni bila kukatwa mshahara, kwa hiyo zamu mbili za Jumanne zisikuzuie. Mwambie msimamizi wako wiki hii, kabla ratiba ya Novemba haijapangwa.